Dera Kumi na Nne

Mwaka 2020 niliuanza na daftari jipya lenye jalada la rangi ya dhahabu. Ukurasa wa kwanza niliandika kwa kalamu nene: DERA 100 KABLA YA IDI. Mwalimu wetu wa mtandaoni alikuwa ametufundisha kwamba lengo lisilo na idadi wala tarehe si lengo, ni dua. Mama alipousoma ukurasa ule akauliza, "Dua nayo ina ubaya gani?" Akaenda zake jikoni.

Tulikuwa tukikaa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Mama alijulikana mtaa mzima kwa kaimati na viazi vya karai, akiuza barazani kila Ramadhani. Mimi niliona biashara ile ni ya kizamani. Yangu ilikuwa ndani ya simu. Napiga picha ya dera, naitia kwenye stetasi na kwenye ukurasa wangu, mteja analipa kwa M-Pesa, nashona, natuma. Vitambaa nilikuwa nikivitoa kwa muuzaji mmoja wa Eastleigh, Nairobi, ambaye hadi leo sijawahi kumwona kwa macho. Cherehani ilikuwa ya Mama, ile ya kukanyaga kwa mguu.

Ilipofika Aprili, watu wamejifungia majumbani kwa ajili ya korona na kafyu inaanza saa moja jioni, kila mwenye ulimi mwepesi aligeuka mwalimu wa mafanikio. Sisemi kwa kejeli. Niliwasikiliza wote, tena wengine kwa machozi. Nikiwa natandika kitanda, mtu ananiambia sikioni kwamba matajiri huamka saa kumi na moja alfajiri. Hilo lilinichekesha, maana katika Ramadhani Mji wa Kale mzima uko macho kwa daku tangu saa kumi, na sikuwahi kusikia kwamba sisi sote ni matajiri. Lakini yule mwalimu wangu mwenyewe nilimwamini. Masomo yake ya bure yalinitoa woga wa kusimama mbele ya kamera, na hilo siwezi kumnyima. Basi alipotangaza somo la kulipia, shilingi 3,500, nililipa siku ileile.

Somo lilisema: wekeza kwenye sura ya biashara yako. Nikanunua taa ya duara ya kupigia picha, 2,800. Likasema: usingoje wateja wakutafute, watafute wewe. Nikalipia matangazo, 4,000. Na kweli walikuja. Mwisho wa Aprili simu haikutulia. Kufikia wiki ya kwanza ya Mei nilikuwa na watu 23 waliokwisha kulipa kamili, 1,500 kila mmoja, dera na mtandio wake, wote wakitaka kwa ajili ya Idi. Dera 23 si 100, lakini kwangu ilikuwa kama nimeuona mwezi kabla ya watu wengine.

Jumatano tarehe 6 Mei, alasiri, nilikuwa kwenye cherehani nikipinda shingo ya dera la tisa. Kumi la pili la Ramadhani ndiyo kwanza limeanza. Sebuleni redio ilikuwa ikisema, na sikuwa nikiisikiliza, mpaka niliposikia Mama akisema "Ala!" kwa sauti ambayo haitumii ovyo. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alikuwa ametangaza kwamba tangu saa moja jioni hiyo hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale, Mombasa, kwa siku kumi na tano. Na mtaa wa pili uliofungwa pamoja na wetu, saa ileile, ulikuwa Eastleigh.

Nilisimama na mkasi mkononi. Mitaa miwili tu katika nchi nzima, na biashara yangu ilikuwa na mguu mmoja huku na mguu mmoja kule.

Mama hakushangaa kwa muda mrefu. Aliniuliza, "Ngapi ziko tayari?"

"Tisa. Hili la tisa bado shingo."

"Limalize. Zitoke leo."

Nikalimaliza, sijui vipi, shingo ikaenda upande kidogo. Nikazitia zote tisa katika gunia la plastiki, kila moja na karatasi ya jina na namba, nikatoka mbio kuelekea Digo Road. Jua lile na saumu ile, midomo imenikauka kama karatasi. Vichochoro vilikuwa vimejaa watu wanaokwenda pande zote mbili: wenye kazi Mji wa Kale wanakimbia watoke, wenye makwao humo wanakimbia waingie, mmoja na ndoo, mwingine na mtoto begani, mzee mmoja na gurudumu la baiskeli bila baiskeli yake. Nilimkuta mtu wa boda niliyemzoea. Akanitazama, akatazama gunia, akataja bei mara mbili ya kawaida. Sikubishana. Nilimpa namba za watu, wa Likoni, Bamburi, Kisauni na Tudor, nikamwambia avuke feri mwanzo kabla haijachelewa. Nikarudi nyumbani maghrib ikikaribia, miguu inatetemeka. Nilifungua kwa tende na maji, na kwa muda wa dakika kumi hivi nilijiona shujaa.

Halafu Mama akauliza swali la pili.

"Zilizobaki?"

"Kumi na nne."

"Vitambaa vyake viko wapi?"

"Eastleigh. Vimefungwa tayari, vinangoja lori."

"Havitoki tena. Basi warudishie watu pesa zao, wakanunue kwingine mapema, Idi haijafika." Akanyamaza akinitazama. "Pesa za watu ziko wapi?"

Nimewahi kuulizwa maswali magumu shuleni na hata mahakamani, siku moja niliyokwenda kuwa shahidi. Hakuna lililonikausha koo kama lile. Wale kumi na nne walikuwa wamenipa 21,000. Eastleigh nilikuwa nimetuma 9,000. Kwa hiyo mkononi nilipaswa kuwa na 12,000. Kwenye simu kulikuwa na 1,340. Taa ya duara ilikuwa pembeni ya kabati, imesimama kwa miguu yake mitatu. Mama aligeuza uso akaitazama, kisha akanitazama mimi.

Hakunigombeza, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Aliondoka kwenda kuhesabu unga wake, maana naye alikuwa na msiba wake: tangazo lile lilifunga pia mikahawa na vibanda vya chakula vya Mji wa Kale. Unga, viazi na sukari ya mwezi mzima vilikuwa vimejaa chini ya ngazi. Lakini vyake vilikuwepo. Ungeweza kuvigusa.

Usiku ule, baada ya kusali tarawehe nyumbani kwa kuwa misikiti imefungwa, nilifungua ule ukurasa wangu. Akili ya kwanza ilinielekeza kuandika tangazo: wapendwa wateja wetu, kutokana na hali iliyo nje ya uwezo wetu. Nilikuwa nimekwisha kuliandika. Nililitazama nikaona kwamba ni uongo. Kufungwa kwa mtaa kulikuwa nje ya uwezo wangu, ndiyo. Ile 10,300 ya somo, taa na matangazo haikuwa. Pengine, kati ya mambo yote niliyoyafanya mwaka ule, kulifuta tangazo lile ndiyo kazi ya maana. Lakini nisijisifu: nililifuta pia kwa sababu nilijua wa kwanza kujibu atakuwa nani, na atasema nini mbele ya wafuasi wangu wote.

Nikapiga simu. Kumi na nne, mmoja mmoja, tangu saa tatu usiku mpaka daku ikanikuta bado wawili. Niliwaambia hivi: kitambaa kiko Nairobi, mtaa umefungwa, na pesa yako nyingine nimeitumia. Chagua usubiri mpaka njia ifunguke, au nikurudishie kidogo kidogo.

Wa kwanza, bibi mmoja wa Changamwe, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ilikuwa nguo yangu ya Idi. Lakini Idi yenyewe tutaikalia ndani, nani ataniona? Nitasubiri." Nikalia baada ya kukata simu. Wa pili akanitoa machozi upande mwingine. "Wewe usinipigie hadithi. Umekula pesa yangu. Nataka pesa." Wa tatu hakushika. Mmoja wa Mtwapa alicheka sana, akaniambia dadake naye yuko Eastleigh amefungiwa na mzigo wa mapazia. Mwingine aliniuliza kama mimi ni tapeli kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayeuliza saa, na ilinibidi nimjibu kwa sauti hiyohiyo.

Asubuhi hesabu ilikuwa hivi: watano watasubiri, tisa wanataka chao. Tisa mara 1,500 ni 13,500.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo halikuwa katika somo lolote. Tangu katikati ya Machi, Safaricom ilikuwa imeondoa ada ya M-Pesa kwa kutuma shilingi 1,000 au pungufu, ili watu wasipokezane noti. Kwa hiyo 1,500 ya mtu nikiigawa, leo elfu, keshokutwa mia tano, sipotezi hata senti. Kwa mwenye deni la namna yangu, ada za watu tisa si kitu cha kudharau. Nikafungua ukurasa wa nyuma wa daftari la dhahabu, nikaorodhesha majina tisa, na mbele ya kila jina miraba miwili. Yule aliyeniambia nimekula pesa yake nilimtanguliza, nikamtumia elfu asubuhi ileile. Zikabaki 340.

Taa ya duara niliiuza kwa msichana wa nyumba ya tatu aliyetaka kuanza mafunzo ya kupaka hina mtandaoni. 1,500. Alinishukuru sana, nami nikamtakia heri, moyoni nikimwonea huruma kidogo. Pesa zilizosalia zilitoka kwenye barakoa. Kila anayetoka nje alilazimika kuivaa, na ndani ya ule uzio hakukuwa na wa kuwaletea watu mzigo mpya. Mama alinitolea leso zake kuukuu, zile zilizofifia za kufungia kichwa wakati wa kupika. Nikashona tabaka mbili na mpira wa nguo za ndani, shilingi 50 moja. Siku nyingine ziliuzwa kumi na tano, siku nyingine tatu. Sikupiga picha hata moja. Niliziweka barazani, juu ya ile meza ya kaimati iliyokuwa haina kazi, na Mama akawa ndiye muuzaji, maana watu walikuwa wakisimama kumsalimia yeye.

Alikuwa na mtindo wake ulionifedhehesha mwanzo. Mtu akinunua, Mama huitenga pesa ya mpira na uzi kwenye kikombe cha bati, kisha ndiyo kilichobaki kinakuja kwangu. Nilimwambia mara moja kwamba kikombe hakihitajiki, naweza kuandika kwenye simu. Akaniambia niandike tu, na kikombe kikabaki palepale.

Zile siku kumi na tano zikaongezwa. Idi ikaja mwishoni mwa Mei, tukaisali nyumbani, sauti za takbira zikitoka dirisha hadi dirisha. Mimi nilivaa dera la mwaka juzi. Tarehe 6 Juni Rais akatangaza Mji wa Kale na Eastleigh vifunguliwe. Kwenye orodha yangu walikuwa wamebaki watu wawili, na kufikia wiki iliyofuata miraba yote kumi na minane ilikuwa na alama. Yule mkali wa usiku ule, baada ya kupokea 500 zake za mwisho, alinijibu kwa neno moja, "Sawa," na mwezi wa Agosti akaniagiza dera mbili. Alilipa zilipomfikia mkononi, si kabla. Sikumlaumu.

Katikati ya yote hayo ujumbe wa mwalimu uliingia kwenye simu, mzuri, wenye picha ya jua linalochomoza, ukinipongeza kwa kumaliza ngazi ya kwanza na kunikaribisha ya pili kwa 7,500. Nilikuwa na mkasi mkononi na nyuzi kwenye magoti. Niliusoma wote. Kuna sentensi moja ndani yake kuhusu kutokata tamaa ambayo, nikiri, ilinisaidia siku ile.

Mzigo kutoka Eastleigh ulifika siku chache baada ya njia kufunguka, umefungwa kwa kamba ya katani, jina langu limeandikwa kwa kalamu ya rangi ya buluu. Mama na mimi tuliufungulia sakafuni. Wale watano waliosubiri walikuwa wamechagua kwenye picha rangi ya samawati yenye maua meupe. Kitambaa kilichokuwa ndani kilikuwa cha manjano, manjano ya embe lililoiva, maua makubwa ya kahawia.

Mama alikishika, akakivuta, akakinusa. "Kitambaa ni kizuri," akasema.

Nikachukua simu, nikaanza na yule bibi wa Changamwe.