Nafasi Tupu Imenila Ripoti

Leo nimefuta kazi ya wiki mbili kwa mstari mmoja, na mstari wenyewe nimeuandika mimi, tena kwa raha zangu.

Skripti, yaani orodha ya amri zinazotekelezwa zenyewe, ilikuwa ya kufagia folda: ifute kila faili ambayo jina lake linaishia na "zamani". Kwa barua-zamani na orodha-zamani ilikuwa ikienda vizuri tu. Leo imekutana na "ripoti ya zamani", yenye nafasi kati ya maneno, na jirani yake ilikuwa faili iitwayo "ripoti", yaani ile ninayoiandika sasa. Mimi nilikuwa nimeandika (rm ni amri ya kufuta, $faili ni mahali panapoingia jina la faili):

rm $faili

Sheli, yaani programu inayosoma amri ninazoandika na kuziita programu nyingine, ikalikata jina penye nafasi, ikaikabidhi rm maneno matatu: ripoti, ya, zamani. La kwanza likafutwa kimyakimya. Kisha ndiyo rm ikaanza kulalamika kwamba "ya" haipo na "zamani" haipo. Ya zamani imebaki inanitazama, mpya imekwenda na maji. Na huku hakuna pipa la taka la kwenda kupekua.

Dawa yake ni alama za mtajo, rm "$faili", basi. Nimeshaambiwa hilo mara ngapi! Nilidhani ni usafi wa watu wanaopenda usafi.

Baada ya kununa sana nikaandika kiprogramu cha lugha ya C, mistari kama kumi, chenye kazi moja: kuchapa kila neno kililokabidhiwa katika argv (orodha ya maneno ambayo programu hupewa inapoanza), moja kwa kila mstari. Nikakiita onyesha. Nikakipa $faili bila alama, mistari mitatu. Pamoja na alama, mmoja. Kisha nikajaribu onyesha * (kinyota husimamia jina lolote) na yakamwagika majina ya kila kilichomo kwenye folda. Kinyota chenyewe sikukiona. Hapo nikakaa kitako. Miaka yote hii niliamini rm ndiyo inayojua maana ya kinyota, kumbe sheli hukifumbua kwanza. Sheli hupika, programu hupakuliwa tu.

Ukataji huu ni wa tangu sheli ya Stephen Bourne, iliyotoka na toleo la 7 la mfumo endeshi wa Unix mwaka 1979, na Bash, sheli ya mwaka 1989, ikaurithi. zsh, sheli nyingine, haikati mpaka uiambie. Nimeijua hiyo jioni, ripoti ikiwa imeshazikwa.

Kwa hasira nikaanza kutengeneza kisheli changu mwenyewe. Kinasoma mstari, kinaita fork (kinajinakili, na nakala huitwa mtoto), mtoto anaita execvp (anageuka kuwa programu iliyoombwa), mzazi anasubiri kwa waitpid. ls, amri ya kuorodhesha faili, ikafanya kazi mara ya kwanza, nikacheka peke yangu. Nikaiandikia na cd, amri ya kuhamia folda nyingine, programu yake, inaita chdir (ndiyo inayohamisha) na kurudisha 0, ambayo huku maana yake ni salama (sifuri ndiyo kufaulu, hili bado linanichekesha). Ikarudisha 0. Nikauliza pwd, yaani niko folda gani: niko palepale. Nimeirudia mara nne kabla sijaelewa. Aliyehama ni mtoto. Kazaliwa, kahama, kafa, na mzazi hata hajanyanyuka kitini.

Kwa hiyo cd lazima ikae ndani ya sheli yenyewe. Hiyo ya kesho. Usiku huu naandika ripoti upya, na nimefika ukurasa wa tatu.