Mihuri ya vijiko vya fedha vya Uingereza: herufi za sonara zisome mwisho

Kijiko cha zamani kikishikwa mkononi, jicho hukimbilia zile herufi mbili za jina zilizopigwa mgongoni mwa mpini. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Herufi kama WB au JS zilitumiwa na masonara wengi kwa nyakati tofauti, na peke yake hazimtambulishi mtu. Uliza kwanza kama ni fedha kweli, kisha mji, kisha mwaka. Jina litajitokeza lenyewe baadaye.

Anza na madini. Vijiko na uma vingi vya Kiingereza vinavyopatikana madukani na majumbani, Afrika Mashariki ikiwemo, ni vya kuchovywa fedha juu tu. Herufi EPNS, yaani nikeli-silva iliyochovywa fedha kwa umeme, ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu watengenezaji walizipiga kila moja ndani ya kisanduku chake, mara nyingi kwa hati ya Kigothi, na kwa mbali safu nzima inafanana na mihuri halali. Madini ya ndani yanaitwa nikeli-silva, lakini hayana fedha hata chembe: ni shaba, zinki na nikeli. Fedha ni ngozi ya juu, iliyowekwa kwa umeme kwa njia ambayo kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza yake mwaka 1840. Geuza kijiko utazame pale kinapokalia meza, chini ya bakuli lake, na kwenye uma tazama ncha za meno. Ngozi ikilika, hapo ndipo rangi ya umanjano inapochungulia.

Sumaku haitoshi. Fedha haivutwi, lakini nikeli-silva nayo haivutwi, kwa hiyo sumaku inaondoa vyuma tu. Kipimo bora kisichoharibu kitu ni cha maji. Tafuta mizani inayosoma gramu 0.1. Pima kijiko kikiwa kikavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza kijiko kwa uzi mwembamba mpaka kizame chote bila kugusa kitako wala ukingo wa glasi. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba unayoisoma sasa. Kijiko cha gramu 62.0 kikikupa 6.0 majini, jibu ni 10.3, na hiyo ni fedha ya 925. Kikikupa 7.1, jibu ni 8.7, na hiyo ni nikeli-silva. Kosa la kawaida ni viputo vya hewa vinavyong'ang'ania kwenye michoro, navyo hushusha jibu. Vifute kwa kidole kilicholowa. Kwa visu usijisumbue: mipini yake ni mitupu na imejazwa utomvu mgumu ndani, na bapa ni chuma.

Kabla ya kusoma mihuri, osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini. Usisugue kwa dawa ya kung'arishia. Weusi uliokaa ndani ya mihuri ndio unaoifanya isomeke, na kila kusugua kunapunguza kina chake. Mihuri iliyosuguliwa miaka mia mbili mara nyingi haisomeki tena. Tumia lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, na mwanga utoke ubavuni, si juu. Muhuri ukikataa bado, shikilia sehemu hiyo juu ya moshi wa mshumaa mpaka ipate masizi mepesi, bandika juu yake utepe wa gundi unaopenya mwanga, uvute, kisha uubandike kwenye karatasi nyeupe. Mara nyingi herufi iliyofichika huonekana kwenye karatasi.

Sasa safu ya mihuri yenyewe. Simba anayetembea, aliyeanza kupigwa mwaka 1544, ni ushahidi wa fedha ya sehemu 925 katika 1000. Kati ya 1697 na 1720 sheria ilidai kiwango cha juu zaidi, 958, na badala ya simba kulipigwa mwanamke aliyeketi, Britannia, pamoja na kichwa cha simba kilichokatwa shingoni. Mji unajulikana kwa alama yake: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji ni Sheffield mpaka 1974 (hizi mbili za mwisho zilifungua ofisi zao za kupima fedha mwaka 1773), ngome yenye minara mitatu ni Edinburgh au Exeter, kinubi chenye taji ni Dublin. Edinburgh hutofautishwa na Exeter kwa ua la mbaruti, lililotumika huko tangu 1759.

Herufi ya mwaka, inayoonyesha mwaka ambao fedha ilipimwa, ndiyo inayohitaji subira. London ilitumia herufi 20, A hadi U bila J, kisha ikaanza upya kwa hati nyingine. Herufi ilibadilishwa mwezi Mei, ndiyo maana herufi moja huandikwa kama miaka miwili, kwa mfano 1785/86. Chukua herufi ndogo "k" ya London, ya hati ya kawaida, si ya Kigothi. Inaweza kuwa 1785, inaweza kuwa 1825, na inaweza kuwa 1905. Kitabu cha mihuri kitakuonyesha tofauti ya hati na ya umbo la ngao, lakini kwenye kijiko kilicholika umbo hilo halionekani. Hapo ndipo alama nyingine zinapokuokoa. Kuanzia Desemba 1784 hadi 1890 fedha iliyolipiwa ushuru ilipigwa kichwa cha mfalme au malkia. Chui wa London alivaa taji mpaka 1821, akalivua. Mwaka huohuo simba wake, aliyekuwa akikutazama usoni, akageuza uso kuelekea mbele. Kwa hiyo: "k" yenye chui mwenye taji na kichwa cha mfalme kilichozama ndani kama chapa ya pete ni 1785. Herufi hiyohiyo yenye chui asiye na taji na kichwa cha mfalme kilichoinuka ni 1825. Yenye chui asiye na taji, bila kichwa cha mfalme kabisa, ni 1905. Hakuna haja ya kubahatisha, ila usisahau kwamba miji mingine ilikuwa na mizunguko yake ya herufi. Ukisoma herufi ya Sheffield kwa jedwali la London utapata mwaka wa uongo.

Mahali mihuri ilipo nako kunasema. Mpaka takriban 1780 ilipigwa karibu na bakuli, palipo pembamba. Fundi alipounyoosha tena mpini kwa nyundo, mihuri ilibanwa na kuvutwa, na kuipata imepinda ni jambo la kawaida. Baada ya hapo ilihamia juu, karibu na ncha ya mpini, ikipigwa kwa kifaa kimoja chenye alama zote pamoja. Ndiyo maana nafasi kati ya alama hulingana, na herufi za sonara, zilizopigwa peke yake kabla, huweza kuwa upande au kichwa chini. Vijiko vya chai vya kabla ya wakati huo mara nyingi vina simba na herufi za sonara tu. Usivikatae kwa kukosa mwaka. Vipe tarehe kwa umbo.

Na umbo halisahauliki ukishalijua. Mtindo wa Hanoverian, wa takriban 1710 hadi miaka ya 1770, una ncha ya mpini iliyoinukia juu, na nembo ya familia imechongwa mgongoni, kwa sababu vijiko vilipangwa mezani vikiwa vimefudikizwa. Old English, kuanzia miaka ya 1760, ncha yake imeinamia chini na nembo iko usoni. Mtindo wa Fiddle, wenye mabega kama zeze, ni wa karne ya 19 zaidi. Kijiko cha Fiddle chenye mihuri ya 1740 kina maelezo ya kutoa.

Sasa ndipo usome herufi za jina, ukiwa na mji na mwaka mkononi. Ushirika wa mafundi husaidia sana. WE juu ya WF ni William Eley na William Fearn wa London. Ikiongezwa WC, William Chawner, umeingia kati ya 1808 na 1814. HB kwa hati ya mkono ni Hester Bateman, mjane aliyesajili muhuri wake mwaka 1761. GA ya enzi ya Victoria kwenye uma mzito ni George Adams wa Chawner & Co. Baadhi ya herufi hazitapata jina kamwe: daftari la London la mafundi wa vyombo vikubwa, la kuanzia mwisho wa miaka ya 1750 hadi 1773, lilipotea. Kumbuka pia kwamba muhuri huo ni wa aliyepeleka kazi kupimwa, si lazima wa mkono uliofua.

Mwisho, kagua kama kitu kimebaki kilivyozaliwa. Uma wa karne ya 18 ni adimu kuliko kijiko, kwa hiyo vijiko viligeuzwa kuwa uma: meno yake ni membamba kuliko kawaida, kwa sababu yametokana na bati la bakuli. Vijiko vya kawaida vya enzi ya wafalme George vilivyopigwa michoro ya matunda bakulini baadaye, enzi ya Victoria, huuzwa kama vya kifahari; mihuri ni ya kweli, pambo ni la miaka mingi baada yake. Pulizia pumzi shingoni: ukungu ukionyesha mstari ulionyooka, hapo pameunganishwa. Na ukiona simba, nanga na herufi G ya Kigothi, usikimbilie Birmingham. Hao ni kampuni ya Gorham ya Marekani, na simba wao kwa kawaida anatazama kulia ilhali wa Uingereza anatembea kuelekea kushoto.