Jaketi okozi la kujaa gesi huhesabika lini mbele ya sheria ya Marekani?

Kila msimu wa boti unapokaribia hapa Maryland, Waswahili wenzangu walionunua boti ya kuvulia, au walioalikwa kwenye boti ya rafiki katika Ghuba ya Chesapeake, huniuliza kama yale majaketi membamba yanayovaliwa shingoni, ambayo hujaa gesi pale mtu anapoanguka majini au anapovuta kamba, yanakubalika kisheria. Yanakubalika, kwa kuwa Walinzi wa Pwani wa Marekani walianza kuyapa kibali kwa boti za starehe mwaka 1996. Hata hivyo yamewekewa masharti ambayo jaketi la povu halina, na masharti hayo ndiyo yanayosahaulika.

Kanuni ya msingi inataka kila mtu aliyemo botini awe na jaketi lenye kibali, linalomwenea mwilini, na boti yenye urefu wa futi 16 au zaidi, isipokuwa mitumbwi na kayaki, iwe pia na boya la kumrushia mtu aliye majini. Jaketi la gesi halichukui nafasi ya boya hilo.

Uzito wa jambo uko kwenye hali ya jaketi lenyewe. Ili jaketi la gesi lihesabiwe kuwa linafaa kutumika, kanuni za shirikisho zinataka liwe limefungwa mtungi uliojaa gesi, kifaa chake cha kujazia kiwe tayari kufyatuka, na alama zote za kuonyesha hali yake zithibitishe hivyo. Vilevile mfuko wake usiwe unavuja, mrija wa kupulizia kwa mdomo usiwe umeziba au kukatika, na kamba ya kuvutia isiwe imepotea wala kujificha mahali ambapo mkono haufiki. Kwa hiyo jaketi ambalo lilijaa msimu uliopita, kisha likakunjwa vizuri na kurudishwa kabatini bila kubadilishiwa mtungi, si jaketi machoni pa sheria, hata kama kitambaa chake kinang'aa kama kipya.

Hatari ni kwamba kwa nje huwezi kujua. Fungua kifuniko, ufungue mtungi kwa kuuzungusha, kisha utazame ncha ya shingo yake. Mtungi mzima una uso laini wa chuma usio na alama, ilhali uliokwisha kutumika una kitundu kidogo palipopita sindano. Baada ya hapo uweke kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu na ulinganishe na uzito uliochapwa ubavuni mwake, kwa sababu mtungi unaweza kupoteza gesi bila kutobolewa. Mimi pia hupuliza mfuko kwa mdomo na kuuacha usiku kucha. Ukilegea asubuhi, jaketi hilo haliendi majini. Kuhusu mtungi mpya, zingatia kuwa wa gramu 24 na wa gramu 33 hufanana sana, na jaketi hupimwa na kupewa kibali likiwa na ukubwa mmoja tu.

Lebo iliyoshonwa ndani nayo isomwe yote, kwa kuwa ni sehemu ya kibali. Baadhi ya majaketi haya yameandikwa kwamba yanakubalika yakiwa yamevaliwa tu. Ukilitundika jaketi la namna hiyo ndani ya chumba cha boti wakati chombo kinatembea, askari akipanda kukagua atahesabu kwamba una upungufu wa jaketi moja. Kwa kawaida lebo hukataza pia kulitumia kwenye pikipiki za majini, katika mchezo wa kuvutwa na boti, na kwenye mito yenye mikondo mikali.

Kuhusu watoto sitaki pabaki shaka. Majaketi haya kwa kawaida hupewa kibali kwa watu wenye umri wa miaka 16 na kuendelea, na naona ni haki, kwa maana mtoto aliyeshtuka ndani ya maji hawezi kutarajiwa kutafuta kamba endapo kifyatuo kitakwama. Mtoto avalishwe la povu. Kanuni ya shirikisho inamtaka aliye chini ya miaka 13 avae jaketi wakati boti inatembea, isipokuwa akiwa ndani ya chumba kilichofungwa, lakini jimbo lenye sheria yake ndilo linalofuatwa: Maryland inaibana boti yenye urefu usiofika futi 21, na Minnesota inagusa watoto walio chini ya miaka 10.

Mtu mzima, kwa sehemu kubwa, halazimishwi kuvaa, na hapo ndipo ninapoona sheria imeishia njiani. Kwa takwimu za Walinzi wa Pwani, watu 564 walikufa katika ajali za boti za starehe mwaka 2023, na kati ya waliozama ambao hali yao ilijulikana, asilimia 87 hawakuwa wamevaa jaketi. New York imethubutu zaidi: kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 1 Mei, kila aliyemo kwenye boti yenye urefu usiofika futi 21 lazima avae, awe mkubwa au mdogo, kwa sababu ya maji baridi. Ningependa Maryland nayo iwe na sharti kama hilo.