Fofofo, chapachapa, totoro: nilivyokuza Kiingereza changu Mikindani

Kwa miaka mingi Kiingereza changu kilitembea kwa maneno matatu: "good", "nice" na "big". Kitu kikizidi, naongeza "very". Kikizidi tena, "very very". Kidato cha nne nilimaliza na alama si mbaya, ila maneno niliyotoka nayo yalikuwa ya kujibia mtihani.

Nafanya kazi na kikundi cha akina mama hapa Mikindani. Tunanunua korosho zilizobanguliwa, tunakaanga, tunafungasha na kuuza. Wateja wetu wengi ni wa hapahapa Mtwara na Dar es Salaam, lakini hupita pia wageni wanaokuja kuangalia Boma la Wajerumani na majumba ya kale, na baadhi yao wakirudi makwao wanaagiza kwa meseji. Za Kiingereza naandika mimi.

Siku moja mama wa makamo, mgeni kutoka Uskoti, alisimama mezani kwetu akaniuliza korosho zetu zina ladha gani. Nikamwambia, "Very nice." Akatabasamu, akauliza tena: nzuri kivipi? "Very very nice." Akanunua pakiti moja, akaenda zake. Niliumia. Kwa Kiswahili ningemweleza mpaka mate yamjae mdomoni: kwamba zinavunjika kwa mlio, ndani zina utamu wa mafuta kama siagi, chumvi imekolea bila kukereketa, na hakuna hata moja iliyoungua. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, ila njia ya kutokea hayakuiona.

Nilianza kwa kukosea. Niliingia intaneti nikakuta orodha ndefu za maneno ya fahari, nikakariri "delectable", "exquisite" na wenzake, nikayamwaga kwenye meseji. Mpwa wangu wa kidato cha tano aliisoma akasema, "Mamdogo, mbona hii kama tangazo la redio?" Kweli tupu. Neno kubwa halimwonjeshi mtu kitu. Mpaka leo nikiona mtu anajifunza Kiingereza kwa kukariri maneno marefu, namwonea huruma, kwa sababu anapoteza miezi.

Kilichonifungua macho ni kosa jingine. Nilimwandikia mteja "Our cashews smell", nikikusudia kwamba zinanukia. Akajibu kwa upole akiuliza kama mzigo umeharibika. Nikaduwaa. Sisi tuna kunuka na kunukia, irabu moja tu inatenga ubaya na uzuri. Kwa Kiingereza "smell" ukiliacha peke yake, bila neno la kulifuata, linaangukia kwenye kunuka. "Smelly" ndiyo kunuka kwenyewe. Ukitaka kunukia lazima useme: "they smell lovely", au kwa vitu vya kukaanga na kahawa, "aroma". Maua na mchele mzuri wana lao, "fragrant".

Usiku ule niliwaza kwamba tofauti hii ninaijua tangu utotoni, kwa lugha yangu. Kwa nini nilikuwa nikianza na orodha za Kiingereza, badala ya kuanza na vile ninavyoona na kusikia mwenyewe kwa Kiswahili, halafu nikaenda kuvitafutia jina upande wa pili?

Nikanunua kauntabuku. Kurasa za mwanzo nikazipa tanakali sauti zetu. Kulala fofofo: "sound asleep". Kulowa chapachapa: "soaked", au "drenched". Kimya jii: "dead silent". Giza totoro lilinichukua siku mbili, nikapata "pitch dark", na nilipofuatilia hilo "pitch" nikakuta ni kitu cheusi kama lami, ambacho mabaharia wa Uingereza zamani walizibia nyufa za merikebu. Hapa kwetu mafundi wa mashua hutia kalafati. Tangu nijue hivyo, umeme ukikatika usiku neno hilo linakuja lenyewe, na linakuja na harufu ya ufukweni.

Kujaa pomoni kulinifundisha kuwa makini. Nilidhani nitapata neno moja, nikapata matatu, kila moja na mahali pake. Ndoo ya maji ni "brimming", maji yamefika ukingoni yanataka kumwagika. Basi la abiria ni "packed". Tumbo baada ya ubwabwa wa harusi ni "stuffed". Ukiyachanganya, msikilizaji ataelewa lakini atashtuka, kama wewe utakavyoshtuka mgeni akikwambia nguo yake imelala chapachapa.

Na kuna kanuni ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza, nikaielewa kwa Kiswahili. Sisi hatusemi "kalala fofofo sana". Fofofo imeshabeba sana yake ndani. Basi na wao hawasemi "very drenched" wala "very exhausted". Maneno hayo yamefika mwisho wa ngazi, na anayetaka kuyakazia zaidi hutumia "absolutely". Tangu siku ile "very" ilianza kupungua mdomoni mwangu bila hata kuifukuza.

Baadaye nilijifunza kwamba daktari mmoja Mwingereza, Peter Mark Roget, alichapisha mwaka 1852 kitabu kilichopanga maneno kwa maana zake, si kwa alfabeti. Nilifurahi mno, maana kauntabuku langu lilikuwa limepangwa hivyohivyo: ukurasa wa mvua, ukurasa wa mwendo, ukurasa wa mdomoni.

Ukurasa wa mwendo niliujaza stendi ya Mkanaledi, nikisubiri mizigo. Nilikaa na kalamu nikitazama watu wanavyoshuka kwenye mabasi ya Dar. Mzee mwenye gunia begani anajikokota: "trudge". Kijana aliyelalia mguu wake njia nzima anachechemea: "limp". Mtoto ameachiwa mkono, anademadema kwenda kwa bibi yake: "toddle". Dada mmoja hana mzigo wala haraka, anatembea kwa raha zake: "stroll". Kabla ya hapo wote hao kwangu walikuwa "walking", na mzee alikuwa "walking very slowly", kama vile gunia halikuwepo.

Ukurasa wa mdomoni ndio mpana kuliko yote, kwa kuwa ndio unaotulisha. Korosho iliyokaangwa vizuri ni "crunchy", inatoa mlio na unaitafuna kwa muda. "Crisp" ni kitu chembamba kinachokatika mara moja, kama kibanzi cha muhogo cha kukaanga. Korosho iliyoachwa wazi msimu wa mvua ikanywea ni "soft", na ikikaa kupita siku zake ni "stale". Mafuta yake yakiharibika kabisa, ile ladha chungu inayoganda kooni ni "rancid", na mteja akiliandika hilo usibishane naye, rudisha pesa. Iliyonona ni "plump", iliyosinyaa ni "shrivelled". Pweza wa feri akipikwa vibaya ni "rubbery", akiiva ni "tender".

Kila neno jipya nalitumia siku hiyohiyo mara tatu, kwa sauti, kwa kitu nilichonacho mbele yangu. Shoga zangu kikundini wamezoea. Wakati mwingine wao ndio wanaouliza, "Na hii je, inaitwaje?" huku wameinua korosho iliyovunjika pembe, na mimi napaswa kujibu kabla sufuria halijaungua.

Hata "nice" nimeisamehe. Asili yake ni neno la Kilatini la mtu asiyejua kitu, na hapo kale kwa Kiingereza lilimaanisha mpumbavu. Limepita mikono mingi hadi likabaki na uzuri uliopauka, kama kanga iliyofuliwa mara mia. Nalitumia kwenye salamu.

Yule mama wa Uskoti alirudi mwaka uliofuata, msimu wa mabibo. Aliponiuliza ladha safari hii nilimwambia "crunchy, buttery, just a little salty", akacheka kwa furaha akachukua pakiti sita. Kisha akaona bibo jekundu mezani, akauliza hilo nalo likoje. Nikataka kumwambia juu ya ukakasi, ule unaoukamata ulimi na kuyakausha mashavu kwa ndani. Kamusi ilikuwa imenipa "astringent", neno la dukani kwa mfamasia, sikulitaka. Nikamwambia aume tu, ila ainame mbele, maji yake yakigusa nguo hayatoki.

Akauma. Uso ukajikunja, midomo ikajivuta kama mfuko uliokazwa kamba.

"Oh! My whole mouth has puckered up!"

Nilimpa kitambaa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa tayari unafungua kauntabuku.