Tulivyopata jumuiya ya Kiswahili Pittsburgh kwa kuiga Wakroatia

Hapa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, Marekani, sisi Wakatoliki wa Kiswahili ni mchanganyiko, Wakongo, Warundi, Watanzania kidogo, na kila kikao ilikuwa tunataka misa yetu ya Kiswahili tunataka misa yetu, padri wa lugha yetu hatuna, tunabishana mpaka usiku watu wanatawanyika.

Kilichonisaidia ni historia ya Wakroatia wa hapahapa, wahamiaji waliotoka Kroatia, Ulaya. Hao jamaa walikuja kupiga kazi viwanda vya chuma, mtu akifa kiwandani familia inaachiwa maiti tu, maana sheria ya fidia Pennsylvania imekuja 1915. Sasa 1894 kule Allegheny, enzi hizo mji wake wenyewe, leo ni North Side, wakaanzisha parokia ya Mtakatifu Nikolasi, ya kwanza ya Wakroatia Marekani nzima, na mwaka huohuo wakaunda chama, yaani chama cha kufa na kuzikana kabisa, na kipo mpaka leo. Misa yenyewe enzi zile ilikuwa Kilatini, walichokosa ni padri wa kuwahubiria na kuwaungamisha kwa lugha yao. Hapo ndo nikapata hoja: tuanze na chama cha kuzikana na padri wa kutuungamisha, siyo misa.

Nikawabeba wazee wetu mpaka Millvale, mji mdogo jirani, kwenye kanisa la Mtakatifu Nikolasi nyingine, parokia ya mwaka 1900 (kanisa la ile ya Allegheny lilibomolewa 2013, inauma). Kuta zake alizichora Maxo Vanka, msanii Mkroatia, 1937 na tena 1941. Kuna tajiri yuko mezani peke yake anasoma taarifa za hisa, kuna familia ya Kikroatia na chakula chao cha kawaida, halafu kuna wanawake wanamlilia kijana aliyekufa kazini, viwanda viko nyuma. Mama mmoja wa Kikongo, mumewe anafanya shifti ya usiku godauni, akaniambia, "Mwanangu, hiyo pesa ya msiba tuanze kuchanga leo." Wazee wa kubishana wote kimya.

Basi tukaanza, dola 10 kila nyumba kwa mwezi, daftari anashika dada wa Kirundi ambaye hacheki na mtu. Ndo tukaenda kwa paroko, misa hatukuitaja, tukaomba ukumbi wa chini Jumamosi na padri anayejua Kiswahili awe anakuja kuungamisha, akakubali palepale, kakuta watu wana daftari na mweka hazina. Alipatikana padri Mkenya anayesoma huku, na misa ameianzisha mwenyewe, mara moja kwa mwezi.

Kwaya ndo ngoma nzito, Wakongo wanataka nyimbo zao na sisi zetu, hiyo nimewaachia vijana.