Kuuliza Si Kukosa Imani

Neno la wiki: Luka 1:1-4

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Zaidi ya miaka 400 kabla Luka hajaandika Injili, Mgiriki Herodotus, mwanahistoria, aliwauliza makuhani wa Misri habari za Helen, yule mwanamke Mgiriki ambaye tenzi za Homer, mshairi wa kale, zinasema Wagiriki waliupiga vita mji wa Troy kwa ajili yake. Wakamjibu kwamba hakuwahi kufika Troy. Wakati wote wa vita alikuwa kwao Misri.

Herodotus aliikubali habari hiyo, na sababu yake inanigusa sana. Priam, mfalme wa Troy, alikuwa baba. Kila pambano wanawe wanaanguka wawili, watatu, hata zaidi. Mzazi gani aone hayo, asimtoe mwanamke wa watu ili waliobaki wapone? Angekuwa naye, angemrudisha.

Baadaye Thucydides, mwanahistoria mwingine Mgiriki, akapiga hesabu. Utenzi wa Homer unataja merikebu 1,200 hivi za Wagiriki, kubwa zikibeba watu 120, ndogo 50. Akaona jeshi halikulingana na sifa zake. Hata alipoandika vita vya wakati wake, aligundua kuwa walioshuhudia jambo moja hawakulisimulia sawasawa, ikambidi apime kwa taabu.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba anayeuliza amekwisha kurudi nyuma, na vijana wetu tumewanyamazisha hivyohivyo. Inaniuma. Herodotus hakumjua Mungu wetu, lakini baada ya kuhoji yote hayo bado alisema kuangamia kwa Troy kulionyesha kuwa maovu makubwa huadhibiwa vikali kutoka juu. Maswali hayakumwondolea uchaji.

Sasa tazameni Luka. Anamwambia Theofilo waziwazi kuwa wengi wameshaandika, kuwa habari zimetoka kwa walioona kwa macho yao, na kuwa yeye mwenyewe amezichunguza tangu mwanzo, "upate kujua hakika ya mambo yale uliyofundishwa." Theofilo alikuwa ameshafundishwa! Luka hakumwambia anyamaze aamini tu. Alimfanyia kazi ya utafiti.

Wiki hii tuzisome aya hizo nne nyumbani, watoto wakiwepo. Mtoto akiuliza Luka alijuaje, asikemewe. Mfungulieni Matendo, kitabu cha pili alichoandikiwa Theofilo, sura ya 16, aya ya 10, pale mwandishi anapoanza kuisimulia safari ya Makedonia kama mtu aliyekuwemo, mwendelee naye kusoma kutoka hapo.