Sekunde hamsini na kitu

Jana usiku kuna kitu kimelipuka mahali. Mlio mmoja tu, mzito, wa mbali, ule unaoufahamu kifuani kabla ya masikioni. Mangi dukani anasema ni transfoma. Bodaboda wa kona anabisha, eti tairi la lori. Mimi nilishtukia nimekaa kitandani, simu mkononi, natafuta namba ya shangazi.

Jumatano ile, tarehe 16 Februari 2011, tulikuwa Sinza, Dar es Salaam, tumeketi uani baada ya chakula cha usiku. Anga upande wa Gongo la Mboto likawaka wekundu, likazimika. Mama akasema mvua hiyo inakuja. Kaka alishanifundisha kuhesabu radi: ukiona mwanga anza, kila sekunde 3 ni kilometa 1. Nikahesabu. Nilipopita 50 nikaanza kukata tamaa, ndipo vioo vya madirisha vikatetemeka. Kilometa kama 17! Nilifurahi, nakiri. Hesabu imekubali.

Mwanga wa pili, wa tatu. Baba akasimama. "Hii ni Mbagala nyingine."

Ya Mbagala ilikuwa Aprili 2009, nayo Jumatano, nayo ghala la mabomu la jeshi. Hakuna aliyemjibu. Shangazi alikuwa anakaa Ukonga, jirani na Gongo la Mboto.

Simu hazikupita usiku kucha. Mabomu yaliruka yakaangukia makazi ya watu. Waliokufa walizidi 20. Maelfu walitembea gizani, wengine na magodoro kichwani, na wengi wakaishia Uwanja wa Uhuru, ambako kesho yake wazazi walikuwa wanazunguka kutafuta watoto wao.

Shangazi aliingia kwetu alfajiri, mguu mmoja kandambili, mwingine peku, mgongoni mtoto tusiyemjua. Alimwokota njiani akilia. (Mama yake alipatikana siku ya pili, namshukuru Mungu.) Mama akampa maji, akamuuliza lile la kwanza walilisikiaje.

"Wifi, la kwanza sisi hatukulisikia. Tulijikuta tu tuko chini."

Nilikuwa mlangoni. Nikakumbuka uani, vidole vyangu vikihesabu, ishirini na moja, ishirini na mbili, na yeye wakati huo yuko sakafuni tayari.

Jana sikuona mwanga wowote, kwa hiyo sikuwa na pa kuanzia. Nikahesabu hivyo hivyo, mpaka shangazi akapokea, akanifokea kwa kumwamsha saa nane za usiku.